Chungulia tundu la ufunguo kabla ya kupanga foleni

Ukifika mji mkubwa, usimalize siku nzima kwenye foleni ya jumba la makumbusho. Vitu vidogo vya ajabu mara nyingi ni bure, tena viko hatua chache tu kutoka njia kuu.

Chukua Roma. Juu ya kilima cha Aventino, kwenye uwanja uliosanifiwa na msanii Mwitaliano Piranesi miaka ya 1760, kuna lango la kijani lililofungwa. Inama uchungulie tundu la ufunguo: ua wa mimea uliokatwa vizuri huku na huku, na mwisho wake kuba la kanisa la Mtakatifu Petro huko Vatikani, limekaa katikati kabisa kama picha kwenye fremu. Nenda asubuhi na mapema, maana siku hizi hata tundu lina foleni. Kwenye simu, gusa kioo pale kuba linapoonekana, la sivyo utaondoka na picha ya giza lenye nukta.

New York nako, stesheni ya Grand Central iliyofunguliwa 1913 ina matao ya vigae huko chini, karibu na mgahawa wa chaza. Simama kwenye pembe moja, mwenzako pembe ya mshazari, wote mkitazama ukuta. Nong'ona. Sauti hupanda ikifuata mviringo wa dari, ikamshukia sikioni, na abiria wanaopita katikati hawasikii kitu.

London, ulizia St Dunstan in the East: kanisa lililobomolewa kwa mabomu 1941, sasa bustani, mimea ikitambaa madirishani.