Somo: Kuingiza mashine ya kukereza chuma uani bila kreni

Wakuu, wengi mnaniuliza PM kuhusu hizi leithi (mashine za kukereza chuma) za zamani, unaipata kwa bei nzuri halafu kichochoro cha kwako hata Kirikuu haipiti. Mashine ya kilo 700 mpaka tani haibebwi, inaviringishwa. Ukikuta vijana sita wameikumbatia wanahesabu moja mbili tatu, we ondoka hapo.

1. Pima njia kabla hujalipa. Geti, kona, ngazi, na hasa sakafu, maana ile saruji nyembamba iliyopigwa juu ya mchanga itapasuka tu. Kwenye udongo tandika mbao nene.

2. Toa chaki (ile inayokamata chuma na kuzunguka nacho), mota na vyote vinavyotoka. Hedstoki, lile boksi la upande wa chaki, ndo ina gia nyingi, kwa hiyo uzito uko upande mmoja na uko juu, mashine inapenda kulala. Sogeza keriji (inayobeba kisu) na teilstoki (inayoshikilia ncha ya pili ya chuma) mpaka mwisho wa upande wa pili, kaza.

3. Kupakia, tafuta Kenta yenye kreni. Mkanda usiguse ile shafti ndefu yenye uzi hapo mbele, ikipinda kidogo tu umekwisha, haikati tena uzi wa maana. Njiani funga pande zote nne, habari ya "we kaa nyuma uishikilie" hapana.

4. Sasa kazi yenyewe. Mtaimbo unanyanyua upande mmoja sentimita mbili tatu basi, mwenzako anasukumia kipande cha mbao kwa kijiti, SIO kwa vidole. Upande wa pili hivyo hivyo. Ikishapata nafasi ingiza mabomba ya chuma, matatu yanabeba na la nne linasubiri mbele, linalotoka nyuma unalirudisha mbele, mnaenda taratibu. Kukata kona wala hamhitaji nguvu, gonga ncha ya bomba la mbele kwa nyundo likae mshazari, mashine yenyewe italifuata. Pakiwa na mteremko zungusha kamba kwenye nguzo ya nyuma muiachie kidogo kidogo, na chini asisimame mtu, hata fundi mkuu.

5. Ikifika weka pima maji juu ya reli (pale keriji inapoteleza), kwa urefu na kwa upana, pande zote mbili. Reli ikijipinda itakereza tepa, yaani upande mmoja mnene mwingine mwembamba, na utamlaumu aliyekuuzia bure.

MASWALI

Mkuu, jeki ya gari inafaa badala ya mtaimbo?
Ile ya chupa inafaa, iweke juu ya mbao nene. Tofali la bloku usithubutu, linapasuka ghafla bila taarifa. Na kila ukipandisha, mbao iwe inafuata chini ya mashine, usiiache juu ya jeki peke yake.

Mabomba ya plastiki je, ninayo mengi hapa?
Yanabonyea ndugu yangu. Chuma.

Home nina fezi moja tu na mota ni ya fezi tatu, nimeliwa?
Bado. Soma kibati cha mota. Kikiandikwa volti 230/400, nunua invata inayoingiza fezi moja inatoa tatu, halafu mota uiunge delta (waya kwa muundo wa pembetatu). Kikiandikwa 400/690 invata ya kawaida haitoshi, hapo ni kubadili mota au uombe fezi tatu TANESCO, kaulizie gharama kwanza kabla hujaenda kuichukua hiyo mashine.