Kuchagua Fimbo Fupi ya Kuvulia kwa Kuburuta Chambo Malindi

Kwa anayetoka Malindi na boti ndogo msimu wa kaskazi kumtafuta sulisuli au jodari, fimbo ya futi 5 na nusu hadi 6 inafaa kuliko ndefu, kwa sababu kadiri fimbo inavyorefuka ndivyo samaki anavyopata nguvu ya kumwinamisha mvuvi, na mgongo ndio unaoumia. Hakikisha uzito ulioandikwa kwenye fimbo, kwa mfano kilo 15 au 24, unalingana na uzito ambao mshipi wako unaweza kuuhimili. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo, yaani zile zinazopitisha mshipi. Ikinasa, pana ufa utakaokata mshipi. Ncha ipinde kiasi, shina liwe gumu. Kitako nacho, ambacho wengi hukisahau, kipimwe kama kinaingia barabara katika tundu la kusimamishia fimbo botini.