SOMO: Pampu ya mafuta kwenye Corolla 110 na ndugu zake, pima kwanza ndo ununue

Wakuu salama? Desemba inakuja, watu wanapanda nyumbani Rombo, Marangu, Kibosho, na kila mwaka stori ni ileile, gari imetoka Dar freshi, imepita Same, imepita Mwanga, kufika Himo inaanza kupanda tu inavuta inaacha mpaka inazima. Anaitwa fundi, anasema pampu. Inanunuliwa pampu, gari inazima vilevile. Ndo maana naweka somo hili. Naongelea Corolla 110 yenye injini ya 5A maana ndo zimejaa Arusha na Moshi, ila Toyota nyingi za petroli za miaka ya 90 zenye EFI (mafuta yanapulizwa kwa umeme, siyo kabureta) hazipishani sana.

Dalili: asubuhi unapiga stata weee ndo inawaka. Tambarare iko poa, mlimani au ukitaka kuovateki lori haina nguvu. Siti ya nyuma unasikia mlio wa kuvuma. Ikipata moto inazima, ukipumzika kidogo inawaka kama hakuna kilichotokea. Sasa hiyo ya mwisho usiikimbilie, koili na distribyuta nazo zinafanya hivyohivyo, kwa hiyo ikizima tu palepale barabarani kabla haijapoa chomoa waya wa plagi, vika plagi ya spea, igusishe kwenye injini mwenzio apige stata uangalie cheche. Cheche ipo? Haya, tuhamie kwenye mafuta.

Hatua ya 1, umeme. Cheki fyuzi ya EFI kwenye boksi la boneti. Halafu hapa ndo wengi wanapotea: mtu anaweka ufunguo on, anasikilizia nyuma, kimya, anasema pampu imekufa. Hizi Toyota za zamani nyingi pampu haizunguki kwa on peke yake, inasubiri stata. Kwenye boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kipande cha waya, weka on bila kuwasha. Pampu inatakiwa izunguke muda wote, na hozi ya mafuta ukiishika inakaza. Kama hapo inazunguka ila kwa stata haizunguki, mwache pampu wa watu, tafuta rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), zile za zamani solda za ndani hupata nyufa na joto likipanda zinaachia.

Ikikaa kimya kabisa ng'oa kiti cha nyuma, utakuta kifuniko, chini yake kuna soketi ya pampu. Pima volti soketi ikiwa imechomekwa, ingiza ncha za mita kwa nyuma, ukiichomoa mita itakudanganya 12 hata kwenye waya uliooza. Volti zinakaribia za betri na pampu kimya, hiyo imekufa. Ukikuta 9 au chini ya hapo ni waya au athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), na ukifunga pampu mpya juu ya athi mbovu utairudia kazi.

Hatua ya 2, presha. Azima geji ya kupima presha ya mafuta. Ukiwa umeunganisha +B na FP injini imezimwa, tegemea psi 38 mpaka 44. Ikiwa chini, bana taratibu hozi ya kurudisha mafuta: presha ikiruka juu ni regyuleta (kidhibiti cha presha), isipopanda ni filta au pampu. Anza na filta, ni bei rahisi. Halafu ondoa waya usubiri dakika 5, presha isishuke chini ya psi 21, ikishuka ndo ule ustataji mrefu wa asubuhi.

Hatua ya 3, kubadilisha. Tenki liwe chini ya robo, na kazi ifanyike nje. Usishuke nayo kwenye shimo la gereji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatua humohumo chini. Sigara hapana, taa ya balbu hapana, mtungi wa moto uwe karibu. Chomoa soketi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, presha imeisha, toa hasi ya betri. Futa mchanga juu ya tenki kabla hujafungua, vumbi letu hili mnalijua. Ukiitoa badilisha na soksi yake ya chini (kichujio cha kitambaa), na kile kihozi kifupi kiwe cha kuzamishwa ndani ya petroli maana hozi ya kawaida inavimba na kupasuka. Angalia plas na mainas, ukigeuza pampu itazunguka kinyume na presha hupati. Usifunge waya kwa tepu, gundi inayeyuka. Gasketi mpya, rudisha betri, unganisha tena +B na FP, kagua kuvuja, ndo urudishe kiti.

MASWALI

Chalii wa Sakina: Fundi mi naweka ya elfu kumi kumi, taa ya mafuta haizimiki, eti inaua pampu?
Jibu: Inaua arifu. Pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka. Hiyo taa ikiwaka kila siku unaikaanga.

Dada wa Pasua: Habari fundi, Starlet yangu ni ya kabureta, naweza kufunga hii ya EFI?
Jibu: Salama dada. Hapana, kabureta inataka psi chache tu, hiyo italifurisha. Yako ipo ubavuni mwa injini, inasukumwa na kemshafti. Nusa na oili kwenye dipstiki, kiwambo cha hiyo pampu kikipasuka petroli inaingia kwenye oili, na ikiwa hivyo usiendeshe.

Mzee wa Boma: Hilux yangu ya dizeli 3L asubuhi inasumbua, nayo ni pampu ya kwenye tenki?
Jibu: Shikamoo mzee. Hiyo haina pampu ya umeme kwenye tenki. Piga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikaze, ikiwaka vizuri baada ya hapo kuna hozi inavuta hewa, fuatilia klampu kuanzia tenki.

Msomi wa Njiro: Ninunue mtumba au mpya?
Jibu: Mtumba hujui ilikaa kavu muda gani. Chukua mpya, ila nenda na ya zamani mkononi ulinganishe urefu na mdomo, na mwambie muuzaji utaipima na geji, ikishindwa kufika 38 unairudisha.