Kuwatafsiria Watazamaji wa Mufindi Filamu ya Farasi Seabiscuit

Filamu ya makala kuhusu farasi wa mbio Seabiscuit inaweza kumshika mtazamaji wa Mafinga hata kama hajawahi kumwona farasi, mradi anayeitafsiri awe amejiandaa. Watafsiri wengi hukosea kwa kuanza na farasi. Anza na ukata.

Kwanza pata ruhusa ya mwenye haki ya filamu, kisha itazame peke yako mara mbili, mara ya pili ukiwa na daftari la kuandikia kila panapotajwa fedha, umbali au jina la mtu. Kabla ya kuwasha projekta, eleza kwamba soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na kwamba kufikia 1933, mwaka aliozaliwa farasi huyo, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Halafu lilete jambo nyumbani: ukata huohuo ulishusha bei ya mkonge na kahawa ya Tanganyika, na miaka hiyo watu walimiminika Chunya kuchimba dhahabu ya Lupa. Mzee ambaye babu yake alikwenda Lupa hahitaji maelezo zaidi.

Watambulishe mapema watu watatu, kwa maana baadaye hutapata nafasi: Charles Howard, mwenye farasi, aliyetajirika kwa kuuza magari, Tom Smith, mfunzi asiyependa maneno, na Red Pollard, mpanda farasi ambaye jicho lake la kulia halikuona.

Uhodari wako utapimwa kwenye mbio za Pimlico, mjini Baltimore, tarehe 1 Novemba 1938, Seabiscuit aliposhindana na farasi mmoja tu, War Admiral. War Admiral alikuwa ndugu wa baba yake Seabiscuit kwa baba mmoja, kwa hiyo kwa hesabu yetu ni baba mdogo, tena baba mdogo aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya mwanawe. Litaje hilo, watu watacheka na hawatawachanganya tena. Eleza pia kwamba War Admiral alisifika kwa kuchomoka haraka, ndiyo maana Smith alimzoesha farasi wake kuondoka mara tu kengele inapolia, na kwamba siku hiyo Seabiscuit alipandwa na George Woolf kwa sababu Pollard alikuwa majeruhi. Mbio zikianza, nyamaza. Inakadiriwa watu milioni 40 walizifuatilia redioni, na sauti ya mtangazaji inajitosheleza. Zikiisha, simamisha picha, upige hatua kumi kubwa ukumbini: huo ndio urefu wa farasi wanne, pengo aliloshinda nalo Seabiscuit.

Ukumbi ukiwa wa bati usio na dari, usipange onyesho wakati wa masika, kwani mvua itakumeza sauti hata ukiwa na spika mbili.

Mbio za Santa Anita za tarehe 2 Machi 1940, ambazo Seabiscuit alikuwa ameshindwa mara mbili kwa tofauti ya urefu wa pua tu, zitafsiri kwa ufupi. Pollard akiwa amerudi mgongoni mwake, picha zinatosha. Taa zikiwaka utaulizwa farasi mwenyewe alipata nini. Jibu ni kwamba alistaafishwa, akaishi kwenye ranchi ya Howard kaskazini mwa California mpaka alipokufa Mei 1947.