SOMO: Kurudisha weusi wa patasi iliyochubuka

Wakuu, salaam. Patasi ikichubuka, wengi hukimbilia rangi ya kupuliza, nayo haichukui muda inabanduka. Mafundi wa zamani waliishikisha kutu kwa makusudi, kisha wakaichemsha. Kutu nyekundu ikichemka hugeuka nyeusi na kung'ang'ania chuma. Kwa sisi wa Dodoma kikwazo ni hewa kavu na maji ya chumvi.

1. Toa mpini. Sugua kutu ya zamani kwa msasa namba 240, malizia na 400. Mikwaruzo utakayoiacha itabaki. Weusi haufichi kitu.

2. Osha kwa sabuni ya unga, kausha, pangusa kwa spiriti. Kuanzia hapa vaa glavu, maana penye mafuta ya kidole kutu haishiki.

3. Changanya siki na chumvi kidogo, lowesha kitambaa, kikamue, pangusa mara moja. Tone likitiririka linaacha mchirizi.

4. Hapa ndipo penye kazi. Kiangazi chetu, ukiitundika uani itakauka tu. Itundike ndani ya ndoo yenye mfuniko, chini weka bakuli la maji ya moto, patasi isiyaguse. Yakipoa, badilisha. Baada ya saa kadhaa utaona kutu imetanda sawasawa, laini kama binzari iliyochekechwa.

5. Chemsha dakika 20 kwenye sufuria ambayo hutapikia tena. Maji ya bomba, mengi yakiwa ya visima vya Makutupora, huacha madoa meupe. Tumia ya mvua, au maji ya betri; soma chupa vizuri, maana asidi nayo huuzwa palepale. Kutu ya rangi ya machungwa itageuka kahawia, kisha nyeusi.

6. Sugua taratibu kwa stilwaya laini ya mafundi fanicha, si ile ya masufuria. Mara ya kwanza itatoka kijivu, usikate tamaa. Rudia kuanzia hatua ya 3, mara nne au tano. Mwishoni suuza kwa maji yenye magadi soda, paka mafuta ya cherehani ingali ya moto, ndipo uinoe.

MASWALI

Swali: Mkuu, si niichome tu kwenye mkaa nikaitumbukize kwenye oili chafu?
Jibu: Hiyo fanyia jembe. Moto wa mkaa unaua ugumu wa makali. Maji hayana shida hiyo. Kwa mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na ushee, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Swali: Niko Singida, mafuta ya alizeti ninayo ndoo nzima. Yanafaa?
Jibu: Kaangia samaki. Yakikaa hewani yananata, na vumbi la huku unalijua.

Swali: Baba mdogo ana bastola ya leseni, slaidi imechubuka. Nimfanyie?
Jibu: Hapana kaka. Silaha ni ya fundi mwenye kibali, na mzee aanzie polisi kuuliza utaratibu.

Swali: Na spana zinazong'aa?
Jibu: Hizo zina kromi, hazishiki kutu mpaka kromi ibanduke. Zifute mafuta, inatosha.