Mwambie dereva asubiri: subjonctif ya Kifaransa kwa aliyezoea Kiswahili

Kifaransa kiliwahi kunitokea puani kwa sababu ya herufi moja tu. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na mizigo yetu mingi ni ya Kongo. Inashuka bandarini, inapita Tunduma, inakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, halafu Lubumbashi. Kwenye simu na watu wa Lubumbashi tunaongea Kiswahili, wao chao na mimi changu cha Temeke, tunachekana na tunaelewana. Ila yakifika mambo ya kuandika, ni Kifaransa.

Jioni hiyo lori lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa mji, na karatasi ya kupokelea mzigo ilikuwa bado kusainiwa huku kwetu. Nikamwandikia mwenzetu wa kule: « Le client est à l'entrepôt. Dites au chauffeur qu'il attend. » Kichwani mwangu nilikuwa nimesema: mteja yuko ghalani, mwambie dereva asubiri. Yeye akasoma kilichoandikwa: mteja yuko ghalani, mwambie dereva kwamba *anasubiri*. Dereva akasikia mteja anasubiri, akawasha gari. Alifika getini bila karatasi, akakataliwa kuingia, akalala barabarani na mzigo wa watu. Mimi nililala na simu sikioni.

Nilitakiwa kuandika *qu'il attende*. E moja mwishoni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tofauti hiyo naijua tangu nazaliwa. *Anasubiri* na *asubiri*. *Anasoma* na *asome*. Hakuna Mswahili anayechanganya "mwambie anasoma" na "mwambie asome". Kifaransa nacho kina *asome* yake, inaitwa subjonctif. Nilipokuwa darasa la jioni Alliance Française, pale Upanga, niliikariri kama orodha ya dawa bila kuiunganisha na kitu chochote ninachokijua. Wewe usifanye hivyo.

Kuiunda ni kazi ndogo. Chukua kitenzi katika wakati uliopo, nafsi ya *ils*, yaani wao. Ng'oa *-ent*. Kwenye kisiki kilichobaki bandika *-e, -es, -e, -ions, -iez, -ent*. Viishio hivyo ni vilevile kwa makundi yote matatu ya vitenzi vya kawaida.

Parler, kuongea (ils parlent, kisiki *parl-*): que je parle, que tu parles, qu'il parle, que nous parlions, que vous parliez, qu'ils parlent.

Finir, kumaliza (ils finissent, *finiss-*): que je finisse, que tu finisses, qu'il finisse, que nous finissions, que vous finissiez, qu'ils finissent.

Attendre (ils attendent, *attend-*): que j'attende, que tu attendes, qu'il attende, que nous attendions, que vous attendiez, qu'ils attendent.

Kwa nini *ils*, na si *il*, yaani yeye? Kwa sababu kwenye *il finit* ile *-iss-* imejificha. Ukianzia hapo utatunga vitu ambavyo havijawahi kutamkwa na Mfaransa yeyote. *Ils* ndiye anayekuonesha kisiki kizima.

Sasa sikiliza, maana sikio linasaidia kuliko jedwali. *Il attend*: ile d imezama, sauti inaishia puani. *Qu'il attende*: d inagonga. *Il finit* inaishia na i, *qu'il finisse* inaishia na s kavu. Kwa vitenzi vya *-ir* na *-re*, basi, masikio yako yatakuambia yenyewe. Mimi nikiwa kwenye mwendokasi asubuhi nachukua kitenzi kimoja, nakisema kimoyomoyo mpaka kituo kinachofuata: ils vendent, vend-, qu'il vende, ils répondent, répond-, qu'il réponde. Watu wanadhani nasali.

Vitenzi vya *-er* vitakuchanganya, kwa kuwa *il parle* na *qu'il parle* ni kitu kimoja, kwa macho na kwa masikio. Usiogope. Hata sisi tunavyo. "Nataka aende" ina e yake, lakini "nataka ajibu", "nataka asafiri", "nataka arudi" hazina. Vitenzi hivyo havibadilishi mwisho, na hakuna anayepotea, kwa kuwa neno lililotangulia limeshaeleza. Kwa *-er* tofauti inajitokeza kwenye *nous* (sisi) na *vous* (ninyi, au wewe kwa heshima) tu: nous parlons, lakini que nous parlions. Kwa bahati mbaya, mtu wa ofisini anaandika *vous* kutwa nzima, kwa hiyo huko ndiko atakakokamatwa.

Haya ndiyo ninayoyaandika karibu kila wiki:

Il faut que vous signiez ici. Lazima usaini hapa.
Il faut que vous remplissiez le formulaire. Lazima ujaze fomu.
Il faut que vous payiez avant midi. Lazima ulipe kabla ya saa sita mchana.
Il faut que vous rendiez le conteneur vide. Lazima urudishe kontena tupu.

Hilo la kontena tupu nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Angalia *payiez*: y na i zote zinabaki. Na kitenzi kinachoishia *-ier*, kama vérifier, kinazaa i mbili: que vous vérifiiez. Si kosa la uchapaji, usiende kuifuta moja. Kinyume chake ni manger: tunaandika nous mangeons na e ndani, lakini que nous mangions e hiyo haihitajiki, kwa kuwa i yenyewe inatosha kuilainisha g. Décharger, yaani kupakua, inafuata njia hiyohiyo: que vous déchargiez.

Utaitumia lini? Anza na Kiswahili chako. Sema sentensi kwa Kiswahili kwanza. Ikidai *asome*, mara nyingi Kifaransa nacho kitadai subjonctif. Lazima, sharti, nataka, naomba, afadhali, ili, mpaka: zote hizi zinavuta *-e* kwetu na zinavuta subjonctif kwao. Afadhali tusubiri: il vaut mieux que nous attendions. Nakutumia namba ili umpigie: je t'envoie le numéro pour que tu l'appelles. Subiri mpaka amalize: attends jusqu'à ce qu'il finisse. Hata ile amri ya kumpa mtu asiyekuwepo, "Aingie!", wao wanayo: Qu'il entre ! Na *dire* ndiyo iliyoniponza: je lui dis qu'il finit ni taarifa, namwambia anamaliza, je lui dis qu'il finisse ni agizo, namwambia amalize.

Kuna moja inayonifurahisha kila nikiiona. Sisi tunasema "naogopa asije akaanguka", tunatia ukanushi mahali ambapo hatukanushi chochote. Mfaransa anayeandika vizuri naye anasema *j'ai peur qu'il ne tombe*, na ile *ne* haikanushi kitu. Mwalimu wetu alitumia nusu saa kuieleza. Angesema tu "asije akaanguka", tungetoka mapema.

Ila Kiswahili nacho kina mahali kinakuacha njiani, na ni vizuri upajue.

Kwanza, sisi tunaweza kusema "nataka niongee na bosi" bila tatizo. Kifaransa hakikubali. Anayetaka na anayeongea wakiwa mtu mmoja, unarudi kwenye *ku-*: je veux parler au chef. Ukisema *je veux que je parle* utaeleweka, lakini utaonekana umetoka mbali. Hili niliendelea kulikosea mwaka mzima.

Pili, hisia. Sisi tunasema "nimefurahi unajibu haraka", hakuna *-e* popote. Wao: je suis content que tu répondes vite. Furaha, huzuni, hofu, mshangao, vyote vinataka subjonctif hata kama jambo limeshakuwa na kila mtu amelishuhudia. Ukiacha hofu, hapa hakuna msaada wa nyumbani, kariri tu. Vivyo hivyo *bien que*, ingawa: bien qu'il finisse tôt, ingawa anamaliza mapema. Na *avant que*: sisi tunasema "kabla hamjapakua", wao wanasema *avant que vous déchargiez*. Halafu *après que*, baada ya, inarudi kwenye umbo la kawaida, si subjonctif. Wafaransa wenyewe wanaikosea kila siku, kwa hiyo ukiteleza hapo una wenzako.

Tatu, kudhani. Je pense qu'il attend, nadhani anasubiri: kawaida. Kanusha, na mambo yanabadilika: je ne pense pas qu'il attende, sidhani kama anasubiri. Na *espérer* usiiguse. Kutumaini kunanukia dua, na dua kwetu ni *-e* tupu, Mungu ajalie, Mungu awabariki, kwa hiyo mkono unakimbilia subjonctif. Hapana. J'espère que tu finis tôt ce soir, umbo la kawaida kabisa.

Être, avoir, aller, faire, pouvoir, savoir, vouloir zina njia zao wenyewe na zinahitaji siku yake. Lakini usidhani kila kitenzi kilichotengwa kwenye kitabu ni mkaidi. Partir, dormir, mettre zinafuata kisiki cha *ils* bila ubishi: ils partent, qu'il parte, ils dorment, qu'il dorme, ils mettent, qu'il mette.

Mwezi uliopita lori jingine lilikwama vilevile, karatasi bado, usiku umeingia. Nikaandika polepole, nikaisoma kwa sauti mpaka d ikagonga: « Dites au chauffeur qu'il attende. » Majibu yakaja kwa Kiswahili cha Lubumbashi: dereva alishalala zamani, na wewe pia ulale.