Namna ya kutoa maoni juu ya riwaya ya kwanza ya kisayansi yenye lugha mbichi

Kwanza isome hadi mwisho, kalamu ukiwa umeiweka mbali. Riwaya ya kwanza ya mtu mara nyingi hujikwaa kurasa za mwanzoni, kisha hukaa sawa; ukipigia mstari kila sentensi hutafika huko.

Usomaji wa pili ndio wa kalamu. Mimi huweka alama mbili tu pembeni: L kwa lugha, W kwa wazo. Usizichanganye. Sentensi ndefu isiyopumua mhariri ataikata. Wazo bovu halikatiki hivyo. Chukua nahodha aliye Mirihi anayegombana na mkewe aliye Duniani, neno kwa neno, kana kwamba wamekaa kochi moja. Mawimbi ya redio huchukua takriban dakika 3 hadi 22 kufika, kutegemea sayari hizo zimeachana kiasi gani. Usiandike "haiwezekani" ukaenda zako. Taja ukurasa, taja dakika, kisha uliza: ugomvi huu ungekuwaje kila jibu likichelewa? Huenda ikazaliwa sura bora kuliko zote. Mwandishi Andy Weir alipokuwa akitoa The Martian, riwaya yake ya mtu aliyeachwa peke yake Mirihi, sura baada ya sura kwenye tovuti yake, wasomaji walimsahihisha sayansi, naye akarekebisha.

Ukifika kwenye maoni yenyewe, nukuu sentensi moja inayokwaruza na moja iliyokushika. Zaidi ya hapo ni kumchosha msomaji. Na nyota? Kati ya tano, natoa tatu kwa wazo jipya lenye lugha mbichi, mbili kwa lugha tamu isiyo na wazo. Wapo wanaofanya kinyume, hatuelewani.